Ghorofa ya juu, nyumba ya kabla ya vita, Lindi mjini: naomba macho yenu kabla sijatoa arubuni

Bint Newala

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi.

Nimestaafu ualimu wa shule ya msingi, naishi Mtwara mjini, Chikongola, nyumba ya kupanga. Kiinua mgongo kipo benki na nataka kupata makazi kabla fedha haijaanza kutoka kidogo kidogo, huku harusi, huku ada, huku mgonjwa. Wanangu wanasema ninunue kiwanja hapa Mtwara nijenge. Sina tena nguvu ya kusimama juani na mafundi mwaka baada ya mwaka. Nataka nyumba yenye paa tayari.

Dalali mmoja wa Lindi amenitumia tangazo. Nalinakili kama lilivyo:

"INAUZWA ghorofa ya juu yote, Lindi mjini. Nyumba imara ya kabla ya vita, vyumba vitano, sebule kubwa sana, dari ndefu, roshani mbele na nyuma, mlango wa nakshi. Karibu na bustani kubwa na bahari. Bei milioni 78, maongezi yapo."

Nimekwenda kuiona, na nasema wazi kwamba nimeipenda. Chini kuna maduka mawili, moja la vitenge na jingine limefungwa. Pembeni unaingia kwa mlango mzito wa mbao uliochongwa maua na minyororo kwenye fremu, halafu unapanda ngazi ya mbao iliyolika katikati kwa miguu ya watu. Juu unatokea sebuleni. Nilipoita, sauti ilinirudia. Nilipima upana kwa hatua nikapata hatua saba. Feni inaning'inia kwa bomba refu na bado hata kijana mrefu juu ya kiti haigusi. Sakafu ya sebule ni saruji nyekundu ya kupigwa nta, vyumbani ni mbao. Kuta ni nene hivi kwamba nilikaa kwenye kizingiti cha dirisha kama kwenye benchi, na madirisha yana vile vibao vya mbao vya kupitisha upepo. Ilikuwa saa nane mchana, barabarani lami inachoma, mle ndani hewa inapita na sikuhitaji feni.

Kwenye roshani ya mbele unaona uwanja mpana wenye miembe, ndio wanaouita bustani, na nyuma yake kipande cha ghuba na Kitunda ng'ambo. Nimelea watoto wanne kwenye nyumba za walimu, chumba na sebule, wageni wakija tunatandika mikeka hadi mlangoni. Nataka wajukuu wakija likizo kila mmoja awe na pa kulala, na mama yangu akishuka kutoka Newala apate chumba chenye dirisha.

Yasiyonipendeza nayo niliyaona. Chumba cha kona kina doa kubwa la maji darini. Ukuta wa upande wa bahari lipu inabanduka na kuna kitu cheupe kama unga. Kuna ufa unaoanzia juu ya dirisha kwenda darini. Choo ni kimoja, kwenye roshani ya nyuma, na maji yanapandishwa kwa ndoo.

Anayeuza ni mjukuu wa mwenye nyumba, anaishi Dar. Dalali anasema hati ipo, ila nimeoneshwa picha ya ukurasa wa kwanza tu kwenye simu. Wanataka arubuni ya milioni 10 kabla mwezi haujaisha, wanasema kuna mtu wa mradi wa gesi naye anaitaka. Mkataba tuandikishiane ofisi ya serikali ya mtaa.

Sasa naomba mnisaidie. Ghorofa ya juu peke yake inaweza kuwa mali yangu kwa karatasi, wakati chini ni pa mtu mwingine? Ule ufa na ule unga mweupe ni ugonjwa gani? Na dalali ameniambia mlango wa nakshi nikiuuza kwa Wazungu utanirudishia fedha ya kujenga vyoo viwili. Ni kweli?

Mtoto wa Lindi

Dada yangu, karibu Lindi. Nimezaliwa hapa na nadhani nyumba nimeitambua, ila sitaitaja.

Nianze na hayo maneno "kabla ya vita". Muulize dalali, vita ipi? Hapa kwetu kuna nyumba za enzi ya Mjerumani, kabla ya 1914, na kuna nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu zilizojengwa kati ya vita ile na ya Hitler. Hizi za pili ndizo nyingi zenye duka chini na makazi juu. Lindi wakati huo ilikuwa mji mkuu wa Jimbo la Kusini, mkonge ukipakiwa hapa, maduka yamejaa. Mtwara mjini hukuti za namna hii kwa sababu mji wenu ulipanda baada ya vita, na ule mpango wa karanga wa 1947 na bandari yake. Upande wenu ukitaka nyumba ya zamani unakwenda Mikindani. Kwa hiyo umri wa nyumba naukubali, unaaminika. Tazama juu ya ukuta wa mbele, wengi waliandika mwaka kwenye lipu.

Paa ndilo usiliamini kuwa la asili. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi, watu walikufa na mapaa yaliruka. Wazee wetu walikuwa wakihesabu miaka kwa kile kimbunga. Nyumba iliyosimama kabla ya hapo uliza paa lake liliwekwa lini na nani. Na mwaka 2024 mwezi wa tano, kimbunga Hidaya kilipokuja na ile mvua iliyokata barabara ya Dar kule Somanga, kila paa bovu hapa mjini lilijitangaza lenyewe. Hilo doa lako darini yawezekana ni la siku zile.

Kuhusu uwanja. Asubuhi ni mtulivu, wazee wanatembea, jioni mpira wa vijana mpaka giza. Kipindi cha kampeni kuna mikutano na spika. Maulidi pia, ila hiyo kwangu ni neema. Nane Nane isikutishe, ile ni Ngongo, mbali. Kinachonihangaisha mimi ni jambo jingine: huo uwanja ni wa nani kwenye ramani? Nenda manispaa, idara ya mipango miji, uulize kama umeandikwa eneo la wazi. Unalipia upepo na macho ya bahari. Siku mtu akijenga fremu za maduka pale mbele, ulicholipia kimeondoka na huna wa kumdai.

Na huyo mtu wa gesi, dada, mradi wa Likong'o tumeusikia zaidi ya miaka kumi sasa. Sisemi hautakuja. Nasema usilipe bei ya leo kwa mradi ambao hujauona.

Mama Ntilie wa Mnazi Mmoja

Arubuni usitoe mwalimu. Hati uione yote, kwa macho yako, mezani.

Karani Mstaafu

Marahaba mwalimu. Nimefanya kazi za masjala ya ardhi mpaka nilipostaafu, kwa hiyo nitakujibu la karatasi na hilo la mlango, la ufa nawaachia mafundi. Soma taratibu.

Kwanza ujue nyumba za namna hii zimepita wapi. Mwaka 1971 ilitungwa sheria ya serikali kutwaa majengo. Jengo la kupangisha lenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 za wakati ule lilitwaliwa, na kama lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi mwenyewe hakulipwa fidia. Nyumba ya kabla ya vita, mwaka 1971, ina zaidi ya miaka thelathini. Yaliyotwaliwa yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Waliobaki ndani wakawa wapangaji. Mpangaji anaweza kukaa miaka arobaini, akazalia humo, akafia humo, na mjukuu akakua akisema "nyumba yetu" kwa moyo mweupe kabisa. Anachoweza kukuuzia huyo ni kilemba tu, yaani anakupisha uingie kwenye upangaji wake, tena bila idhini ya mwenye jengo hata hicho si halali. Sisemi hii ni mojawapo. Nasema hilo ndilo swali la kwanza, na linajibiwa kwa upekuzi kwenye ofisi ya Msajili wa Hati. Peleka namba ya hati na namba ya kiwanja na kitalu, lipa ada, utapewa majibu kwa maandishi: mmiliki ni nani, kuna rehani au zuio, na muda umebaki kiasi gani.

Muda umebaki kiasi gani ni jambo wanunuzi wengi hawaulizi. Ardhi za mijini zilizomilikiwa moja kwa moja tangu enzi za wakoloni zilibadilishwa mwaka 1963 kuwa za kukodishwa na serikali kwa miaka 99, na mwaka 1969 zikawa milki chini ya hati kama hizi tulizonazo. Kama yako ni ya kundi hilo, miaka 99 ilianza kuhesabiwa 1963 na inaisha 2062. Wewe inakutosha. Wajukuu unaowaandalia vyumba wanapaswa kujua.

Sasa ghorofa peke yake. Inawezekana. Ipo Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo, namba 16 ya mwaka 2008. Chini ya sheria hiyo jengo linapimwa na kuandikishwa kwa sehemu, kila sehemu inapata hati yake, na ngazi, paa, kuta za nje na mabomba yanakuwa mali ya pamoja, kila mmoja ana fungu lake. Lakini hiyo inatakiwa iwe imefanyika. Kama jengo zima lina hati moja tu, hakuna kitu kiitwacho "ghorofa ya juu" kwenye daftari la Msajili. Karatasi ya serikali ya mtaa inaonesha kwamba mmekutana na kuandikiana, haikupi milki ya ardhi iliyosajiliwa. Utakuwa umelipa milioni 78 ukapata ahadi ya mtu anayeishi Dar.

Halafu "mjukuu wa mwenye nyumba". Babu yupo hai? Kama amefariki, nani msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama? Mjukuu hauzi mali ya marehemu kwa kuwa ni mjukuu. Msimamizi ndiye anayesaini, na kwa busara ya kawaida warithi wote waandike kwamba wameridhia, na wake zao na waume zao kama wanaishi humo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu nyumba ya ndoa iuzwe bila ridhaa ya mwenza. Nimeona mauzo yaliyokamilika kila kitu yakikwama kwa mama mmoja ambaye hakuna aliyekumbuka kumuuliza, na haki ilikuwa yake.

Gharama juu ya bei: ushuru wa stempu asilimia 1, huo ni wako. Kodi ya faida ya mauzo, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, ni ya muuzaji, ila mkataba useme hivyo, maana kuna wauzaji hukumbuka kodi siku ya mwisho na kumgeukia mnunuzi. Ongeza ada ya wakili, uthamini na usajili.

Mlango sasa. Usiuguse. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inautaja kwa jina: mlango au fremu ya mbao iliyochongwa nchini kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940 ni kitu kinacholindwa. Hauhamishwi wala hauuzwi kiholela, na kuutoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Dalali anayekushauri uuze mlango huo anakupeleka kwenye kesi. Na nikuombe kama mzee wako, hata sheria isingekuwepo, uache pale. Mafundi wa kuchonga namna ile wamekwisha.

Fundi wa Mikindani

Shikamoo mwalimu. Mimi kazi yangu ni nyumba za mawe, nimejifunzia kwa baba huku Mikindani. Nimesoma mara mbili ulivyoieleza, na kitu kimoja kimenishtua kuliko ufa: sebule ya hatua saba.

Nyumba zetu za zamani sakafu ya juu inakaa juu ya boriti, miti ya mikoko. Boriti hazifiki urefu wowote unaotaka, ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu lakini vyembamba, upana mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Hatua saba zako tuseme ni mita tano. Boriti hazivuki mita tano. Basi kuna kitu kingine kimebeba sakafu ile: ama mihimili mikubwa ya mbao ngumu, ama vyuma, vingine ni vipande vya reli. Mbao ngumu nzima, alhamdulillahi. Chuma karibu na bahari, hapo sina raha. Chumvi inakila taratibu, kikiota kutu kinavimba na kupasua saruji inayokizunguka. Omba mwenye duka la chini akuruhusu utazame dari yake. Ukiona mistari ya kahawia iliyonyooka, au vipande vya lipu vimedondoka kufuata mstari, chuma kimeanza kula. Duka lile lililofungwa ndilo ningetaka kuingia zaidi. Nani ana ufunguo, na kwa nini limefungwa?

Unga mweupe ni chumvi. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unapumua, unanyonya unyevu na kuutoa. Mtu fulani amekuja akapiga saruji juu, akadhani anaimarisha. Saruji imefunga pumzi, unyevu unabaki nyuma yake, chumvi inajikusanya na kuisukuma lipu ibanduke. Ukipiga saruji nyingine juu yake, baada ya masika mawili matatu unarudi palepale na jiwe la ndani limezidi kuoza. Dawa ni kubandua saruji yote, kuacha ukuta ukauke vya kutosha, kisha kupiga lipu ya chokaa na mchanga uliooshwa kwa maji yasiyo na chumvi, na kupaka chokaa, siyo rangi ya mafuta. Kazi ya polepole, lakini si ya bei ya kutisha.

Ufa: mwambie mtu wa karibu abandike kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa jasi, ncha mbili, aandike tarehe ukutani. Kioo kikikatika ndani ya miezi michache ukuta bado unatembea. Kikibaki kizima, ni jeraha la zamani, linazibwa. Na tazama juu yake nje, kama kuna mti umeota kwenye mfereji wa paa. Mbegu zinaletwa na ndege, mizizi inaingia kwenye chokaa kama kabari. Kuukata juu haitoshi, lazima mzizi ufuatwe.

Ngazi, sakafu za mbao, milango: beba bisibisi, chomeka chini ya kila fremu. Ikizama kama kwenye muhogo uliooza, mchwa wapo.

La mwisho, maji. Utataka tangi juu, najua. Lita 2,000 ni kilo 2,000 kabla ya tangi lenyewe. Usiweke juu ya ile sakafu wala kwenye roshani. Jenga mnara mdogo uani, pampu ipandishe. Na vyoo viwili unavyovitaka viwe upande wa nyuma juu ya ukuta wa chini, si katikati ya vyumba, kwa sababu bomba likivuja ndani ya ukuta wa chokaa utalijua limeshaharibu.

Kama mifupa ni mizima, mwalimu, hiyo ni nyumba itakayokuzika wewe na mimi na bado isimame. Ninasema kwa mapenzi. Zinaanguka kwa kuachwa na paa bovu, si kwa uzee.

Mkusini Ughaibuni

Nasoma nikiwa New York, kwetu ni Nachingwea. Huku nyumba za kabla ya vita ni kitu kinachotafutwa sana, maana yake zilizojengwa kabla ya Vita Kuu ya Pili: kuta nene, dari ndefu, vyumba vilivyotengana, kimya. Zile za kando ya Central Park, bustani ya hekta 341 katikati ya mji, bei zake hazitamkiki.

Nimesafisha na baadaye kusimamia jengo la namna hiyo, ndiyo maana naandika. Mengi ya majengo hayo ni ya ushirika. Ukinunua huku hupewi hati ya chumba, unanunua hisa za kampuni inayomiliki jengo zima, na hisa zinakupa haki ya kukaa katika makazi fulani. Kamati ya wakazi inakuhoji kabla ya kukukubali. Kila mwezi unalipa mchango, na mchango huo ndio unaorekebisha paa, boila, lifti, ukuta wa mbele. Watu wanaulalamikia. Lakini nimeona mvua ikivuja ghorofa ya juu kabisa, na paa likatengenezwa bila mwenye ghorofa hiyo kuuza gari lake, kwa sababu paa ni la wote na fedha ilikuwa imewekwa tayari.

Mama, wewe utakuwa juu. Paa likivuja linakuvujia wewe. Mwenye maduka chini hataona tone, na atasema si lake. Kabla ya bei, kubalianeni kwa maandishi: paa, ngazi, mfereji wa maji ya mvua, shimo la choo, nani analipa fungu gani. Kama mwenye chini hataki hata kukaa kikao kuhusu hilo sasa, hatakaa ukishahamia.

Bint Newala

Nimewasoma wote, na nimepiga simu. Mungu awalipe.

Nimempata mjukuu mwenyewe, si dalali. Ameongea vizuri, hakunificha. Babu alifariki zamani, hati ni moja kwa jengo zima na bado ina jina la babu. Anasema nyumba haikuchukuliwa mwaka 1971 kwa kuwa familia ilikuwa inakaa humo yenyewe na duka lilikuwa la babu. Hiyo nitaihakikisha kwa upekuzi. Msimamizi wa mirathi hajawahi kuteuliwa. Warithi walio hai ni shangazi zake wawili, mmoja yuko Lindi hapo hapo na ndiye anayepangisha duka la vitenge, na binamu kadhaa. Alidhani kwa kuwa wao wa upande wake walipewa "juu" kwa mdomo, basi juu ni pao kuuza.

Nikampigia shangazi wa Lindi. Sikutaka kununua kitu cha mtu aliye hai bila kusikia sauti yake. Alikuwa hajui kama nyumba imetangazwa. Alinyamaza, kisha akaniuliza, "Wewe mwalimu utaishi humo, au utavunja?" Nikamwambia nitaishi. Akasema njoo tuongee. Duka lililofungwa ufunguo anao yeye, alilifunga kwa sababu vipande vya dari vilianza kudondoka.

Fundi, hapo nilikukumbuka.

Arubuni sijatoa na dalali nimemweleza. Amekasirika kidogo, amesema nitaikosa. Sawa. Naomba mniambie: kwa hali hii nisubiri, au niachane nayo? Na kama nasubiri, nisubiri nini hasa?

Fundi wa Mikindani

Vipande vinadondoka dukani, basi ni chuma, karibu na hakika. Bado si mwisho. Mihimili inaweza kusimikiwa nguzo chini yake dukani ili mzigo ugawanywe, na ile iliyoliwa ibadilishwe mmoja mmoja. Nimefanya hivyo. Lakini ni kazi ya kufanyika chini, ndani ya duka la shangazi, kwa ajili ya sakafu yako juu. Alichosema ndugu wa New York ndicho hicho hicho. Nakuja Lindi na wewe ukinipa nauli, nilifungue hilo duka nipime. Ujira wa kutazama sitaki.

Karani Mstaafu

Subiri, mwalimu, lakini fedha yako isisubiri mikononi mwa mtu. Ibaki benki kwa jina lako.

Mambo yafuate mpangilio huu. Kwanza upekuzi, ufanye wewe, gharama yake ni ndogo na jibu lake ndilo linaloamua kama kuna haja ya kuendelea. Ukikuta jina la babu na hakuna zuio, familia ikae kikao, iandike muhtasari, ipeleke jina la msimamizi mahakamani. Ningependa awe shangazi wa Lindi. Yupo, anaijua nyumba, na ameuliza swali la mtu anayeipenda. Mahakama ikimteua, jina lake linaandikishwa kwenye hati kama msimamizi. Baada ya hapo ndipo mpima na wakili waanze kugawa jengo kwa sehemu chini ya sheria ya 2008, na makubaliano ya paa na mihimili yaingie humo humo. Ukiona haraka inakuja kutoka upande wowote, rudi nyuma hatua moja.

Unaweza kuandikiana nao sasa hivi mkataba mmoja tu: kwamba wakikamilisha hayo ndani ya muda mtakaokubaliana, wewe ndiye wa kwanza kuuziwa, kwa bei itakayotolewa gharama za mihimili baada ya fundi kupima. Wakili aandike, msimamizi mtarajiwa na warithi wote wasaini. Hakuna fedha inayobadilisha mikono siku hiyo.

Bei yao ya 78 iliwekwa kwa nyumba yenye hati na sakafu nzima. Hiyo sasa hamna, na mjukuu anajua.

Mtoto wa Lindi

Dada, mkija na fundi nijulishe. Shangazi huyo namfahamu, alikuwa rafiki wa mama yangu. Nitakupeleka nyumbani kwake mwenyewe, maana ukiingia na dalali atakupokea kama mteja.

Bint Newala

Kaka, nashukuru. Fundi, nauli ipo na chakula kipo. Ijumaa nakwenda ofisi ya ardhi na namba ya kiwanja, mjukuu amenitumia picha za hati yote, kurasa zote. Jumamosi tuko Lindi. Nitaandika tutakachokuta kwenye lile duka, na majibu ya Msajili yakitoka nitayaweka hapa.